Nilifuata Vita Tanga kwa Nauli Yangu

Ukistaafu ualimu hapa Dumila, watu hudhani umestaafu kazi. Hawajui kwamba umestaafu mshahara tu. Kazi ziko palepale: kuandika barua za misiba, kusoma risala, kutunza daftari la michango, kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba kwa sababu "mwalimu ana hesabu". Na mwaka huu nikaongezewa nyingine ambayo sikuisomea chuoni: nimekuwa mshenga.

Chanzo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeuza nyanya na vitunguu pale wanaposimama mabasi ya Dodoma. Siku moja basi lilisimama abiria wachimbe dawa, binti mmoja wa Tanga akanunua ndoo ya nyanya, chenji ikakosekana, wakapeana namba za simu ili chenji itumwe. Mpaka leo sijui kama chenji ilitumwa. Ninachojua ni kwamba baada ya miezi saba dada yangu alinijia asubuhi na mapema na kuku mkononi, nikajua hapa kuna jambo. Mtu wa kwetu hakuletei kuku saa kumi na mbili alfajiri kwa ajili ya kukusalimia.

Wanaume wengine wa ukoo walipoambiwa kuna safari ya kupeleka posa Tanga, wote waliota presha siku moja. Mimi nilikubali upesi mno, kiasi kwamba mke wangu alinitazama kwa jicho la mashaka. Sikumwambia sababu. Miaka 31 nimefundisha Vita vya Tanga vya 1914. Nimechora Ras Kazone ubaoni kwa chaki mara zisizohesabika, nimeweka mshale wa Waingereza kwa rangi nyekundu na wa Wajerumani kwa bluu, nimewachapa watoto wa watu waliosahau tarehe. Na mimi mwenyewe sijawahi kuona hata jiwe moja la mahali penyewe. Nikasema: nitakwenda kwa nauli ya posa, nitarudi na historia.

Nauli ya posa! Nilipofika kwenye Kosta nilidaiwa nauli yangu kama abiria yeyote, eti kamati imeishia kwenye mchele.

Tulikuwa watu 14 na magunia mawili ya mchele wa Dakawa, maana mtu wa Dumila haendi ukweni mikono mitupu. Kabla hatujaondoka tulipoteza nusu saa kubishania njia. Mjomba mmoja alishikilia tupite njia ya mkato, Magole, Turiani, Mziha, tutokee Handeni. Dereva akasema gari lake halikuzaliwa kwa ajili ya vumbi. Tukashuka na lami: Dakawa, tukavuka Mto Wami, Morogoro, Chalinze, Segera, Muheza. Kiongozi wa msafara alikuwa shemeji yangu, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa ahadi. Njia nzima alitutuliza: "Watu wa pwani ni wapole. Saa mbili usiku tumemaliza, kesho asubuhi tunageuza."

Nilitaka kumwambia kuwa maneno hayo yamewahi kusemwa, tena kuhusu mji huohuo. Meja Jenerali Arthur Aitken alipoletwa kuuteka Tanga, inasimuliwa kwamba alikuwa na uhakika kazi nzima ya kuwaondoa Wajerumani ingekwisha kabla ya Krismasi. Alikuwa na watu wapatao 8,000, wengi wao askari wa Kihindi waliopakiwa Bombay na kusongamana melini tangu katikati ya Oktoba wakitapika. Alishauriwa atume watu mbele wakapeleleze, akaona hakuna haja. Lakini shemeji hapendi kukatizwa akiwa anakula mahindi.

Tulifika Ngamiani saa kumi jioni. Tulipokewa na mzee mmoja mwembamba aliyevaa shati na msuli, na wanawake wawili wenye sauti ya chini. Tukapewa kahawa, kashata, tende, na maneno matamu kuliko tende. Shemeji akakonyeza: nilisema nini? Akakohoa, akaeleza kwamba tumeona ua zuri katika bustani hii, na tungependa jibu leoleo kwa sababu gari ni la kukodi.

Mzee akatabasamu. "Karibuni sana. Lakini jambo hili lina wenyewe, mimi ni mlinda mlango tu. Ngojeni niwaulize wakubwa."

Akaingia ndani. Tulimsikia akizungumza na simu, tena si simu moja. Alipotoka baada ya dakika 40 alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya vito na kizibao. Nywele zilinisimama. Nikamwinamia shemeji, nikamnong'oneza: "Tumekwisha. Huyu ni Auracher."

"Ni nani?"

Jamani, elimu. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza iliyoitwa HMS Fox ilisogea bandari ya Tanga. Nahodha wake, Caulfeild, akamwita mkuu wa wilaya wa Kijerumani, ndiye huyo Auracher, akampa saa moja: salimisha mji au tutaupiga. Auracher akajibu kwa adabu kwamba jambo hilo haliwezi yeye peke yake, lazima akawaulize wakubwa. Akateremka. Akapeleka simu ya maandishi kwa kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa upande wa Moshi. Kisha akavua nguo za kiofisi akavaa sare za jeshi. Saa moja ikapita, bendera ya Kijerumani bado inapepea. Nahodha naye akaingiwa na hofu kwamba bandari imetegwa mabomu, wakaanza kuyatafuta mabomu ambayo hayakuwapo. Wakati huo wote reli ya Usambara ilikuwa ikifanya kazi yake, behewa baada ya behewa, inaleta askari kutoka Moshi.

Nilimweleza shemeji yote hayo kwa kunong'ona, tena kwa muhtasari mzuri tu. Akasema, "Mwalimu, kunywa kahawa."

Usiku ule tuliambiwa mazungumzo yataendelea kesho saa nane mchana, wazee wakishafika. Kutoka wapi? Kutoka Muheza, Korogwe na Pangani. Mimi nikalala nikijua.

Asubuhi niliwatoroka. Nilivaa suti ya posa na moka nyeusi nilizoazima kwa jirani kwa sharti la kutozikanyagisha maji. Kijana wa bodaboda akaniuliza, "Raskazone wapi, babu? Kwenye kuogelea au hotelini?"

"Kwenye vita."

Akazima pikipiki. "Kuna ugomvi?"

"Vita vya 1914, kijana wangu."

"Ah, hivyo si vimeisha?" Akawasha. "Buku tatu."

Huyu wa kwetu, mtoto wa dada yangu, alikuwa amenionyesha kwenye simu yake fukwe za Normandy kule Ufaransa, walikotua Wamarekani na Waingereza tarehe 6 Juni 1944. Makumbusho kila hatua, vifaru vimepangwa, mabasi ya wageni, vikombe vyenye picha za majenerali. Kwa hiyo mwenzenu nilikwenda Ras Kazone nikiwa nimejiandaa kupiga picha na mzinga. Nikashushwa kwenye barabara nzuri yenye kivuli, nyumba kubwakubwa zenye kuta, mlinzi akisikiliza redio, miti mikubwa, na bahari imetulia kama maji ya kunawia. Vifaru hapana. Watoto wawili wanaogelea wakati wenzao wako shuleni. Nilijizuia kuwauliza wanasoma darasa la ngapi.

Nikamkuta bwana mmoja anashona wavu chini ya mti. Baada ya salamu nikamuuliza kama anajua mahali Waingereza walipotua. Hakuinua macho. "Walitua hukuhuku, na wakaondokea hukuhuku. Si unajua mji huu ni waja leo waondoka leo?"

Miaka 31 nafundisha, sikuwahi kuieleza vizuri namna ile.

Akanionyesha kwa sindano yake ya kushonea kijia cha kuteremkia. Nikateremka. Wasomaji wangu wa Dumila, ninyi mnaojua maji ya mto tu, sikilizeni: ufuko wa kutulia jeshi si lazima uwe mchanga. Kuna mawe ya matumbawe yenye meno, yamelika kwa chini kama jino bovu, na penye kukosa mawe kuna mikoko, na chini ya mikoko kuna tope jeusi linalonuka yai. Juu ya tope kuna kaa wadogo, kila mmoja ana gando moja kubwa jekundu analolipungapunga kama mwalimu wa zamu. Nikasogea ili niwaone kwa karibu. Mguu wa kushoto ukazama hadi juu ya kifundo. Nikauvuta. Mguu ukaja, moka haikuja.

Nilichimba. Nilichimba kwa mkono hadi kwenye kiwiko, nimevaa koti la suti, kaa wakinitazama kutoka kwenye mashimo yao. Tope lilikuwa linajifunga kila nikitoa mkono, na kutoa mlio kama wa mtu anayefyonza uboho. Na hapo ndipo nilipowaelewa wale Wahindi kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa mchana, nimeshiba vitumbua, hakuna aliyenilenga bunduki. Wenzangu wale waliteremshwa usiku wa kuamkia tarehe 3, wametoka kutapika siku kumi na zaidi, wengine kwenye mikoko kama hii hii, na kulipopambazuka vikosi viwili vikaambiwa viende moja kwa moja mjini, kilomita kama tatu. Vikapigwa, vikarudi mbio huku ufukoni. Vitabu vya Kiingereza vimewasema sana askari wale kwamba hawakuwa na moyo. Nani angekuwa na moyo na kiatu kimoja?

Usiku uliofuata Lettow-Vorbeck aliingia Tanga, akachukua baiskeli, akaenda kujionea mwenyewe hadi bandarini, akaziona meli zimewashwa taa kama harusi. Nilipokuwa nasoma habari hiyo zamani niliona ni ushujaa. Nilipofika Tanga nikaona ni kawaida ya mji: kila mtu yuko juu ya baiskeli. Kamanda yule alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Mmoja kwa wanane.

Tarehe 4 mchana Waingereza wakaenda tena, safari hii kwa wingi wao wote, jua la utosi, katikati ya mashamba na vichaka. Wachache waliingia mjini kabisa, wakapigana hadi kwenye hoteli iliyoitwa Kaiser. Na hapo ndipo wakaingia wenyeji ambao hawakuandikwa jeshi lolote. Miti ya mashamba yale ilikuwa imetundikwa mizinga ya nyuki. Risasi zikaitoboa, nyuki wakatoka. Hawakuuliza nani Mwingereza nani Mjerumani. Bombomu za Wajerumani, ndivyo wazee walivyoziita bunduki za rashasha, nazo zilinyamaza kwa muda kwa sababu wapigaji walikuwa wanakimbia kama wenzao. Lakini walioumia zaidi ni wageni, kwa sababu mgeni hajui pa kukimbilia. Baadaye magazeti ya kwao yakadai Wajerumani waliwatega nyuki kwa waya makusudi. Uongo wa mtu aliyeng'atwa.

Nataka mlione jambo ambalo Mwingereza hawezi kuliona kwa lugha yake. HMS Fox ilikuwa na mizinga, ilipiga toka baharini, na baadhi ya makombora yakaangukia hospitali. Mizinga hiyo haikuuteka mji. Iliyowakimbiza siku ile ni mizinga ile mingine ya kutundikwa mtini, yenye asali. Jeshi lilikuja na mizinga likapigwa na mizinga. Kiswahili kilikuwa kimeshatabiri.

Kwa hiyo nilikwenda pale nikitegemea kumwona japo nyuki mmoja, wa heshima tu, wa ukumbusho. Nilitazama juu ya kila mti na kiatu kimoja. Hakuna. Kwetu Dumila, ambako hakuna vita, huwezi kufungua soda bila nyuki watatu kukaa kwenye kizibo. Na ningeulizwa, pale Ras Kazone ningeweka ukumbusho mmoja tu: mzinga wa gogo, mtini, wenye nyuki hai. Mgeni alipe kiingilio, asimame chini, atikise. Asingesahau tarehe.

Simu ikaita. Mke wangu. "Uko wapi? Wazee wa Korogwe wamefika." Nikasema niko dukani. "Duka gani lina mawimbi?"

Nilimwomba yule bwana wa wavu kiatu cha kunisitiri. Akanipa ndala moja ya bluu, ya mguu wa kulia. Nikaivaa kushoto.

Nilipaswa kurudi. Lakini mtu akishapoteza kiatu hana cha kupoteza tena, nikamwambia bodaboda anipitishe kwenye Boma la zamani la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi. Pazuri pale, kuta nene, ubaridi, picha za Tanga ya kale, bahari unaiona. Nilikaa mbele ya picha hadi nikasahau kwamba nadaiwa. Ningependa kila mtoto wa shule apelekwe, na avae raba.

Kuhusu makumbusho kwa jumla nina jambo moja la pembeni. Ofisa wa upelelezi wa Aitken aliitwa Richard Meinertzhagen, na mengi tunayoyajua ya siku zile yametoka kwenye shajara zake. Bwana huyu baadaye alisifika duniani kama mtaalamu wa ndege. Alipokwisha kufa ikagundulika kwamba ndege wengi waliokaushwa aliodai kuwakusanya alikuwa amewaiba kwenye makumbusho ya London, akawabandika vibandiko vipya vya uongo. Kwa hiyo mimi nikisoma shajara yake huwa nahesabu kwanza vijiko.

Baada ya kushindwa, tarehe 5 Waingereza walipanda meli zao. Mwenda tezi na omo marejeo ngamani. Walikuwa wamepoteza zaidi ya watu 800, waliokufa na waliojeruhiwa. Wajerumani waliokufa, wazungu kwa askari, hawakufika mia, na miongoni mwao alikuwa Tom von Prince, yule aliyepigana na Mkwawa kule Iringa na ambaye watu walimpa jina la Bwana Sakarani. Ufukoni ziliachwa bunduki 455, risasi kama nusu milioni, bombomu, simu, makoti na mablanketi. Lettow-Vorbeck alivaa na kupiga mali hiyo kwa muda mrefu. Aitken alishushwa cheo.

Mimi niliishia hapo kila mwaka ubaoni: Wajerumani wakashinda, futa ubao, kesho tutaendelea na sababu za kushindwa kwa Ujerumani. Sasa nimesimama Bomani na ndala yangu, ndipo hesabu ikaniingia. Waingereza walirudi Tanga Julai 1916. Handeni walikuwa wameshaichukua mwezi uliotangulia. Kutoka Handeni jeshi la Jenerali Smuts lilikuja wapi? Mziha, Turiani, mpaka Mto Wami pale Dakawa, wakapigana katikati ya Agosti. Ni njia ileile ya mkato ya mjomba! Tarehe 22 Agosti jeshi jingine likaingia Kilosa. Tarehe 26 wakaingia Morogoro, ambako gavana wa Kijerumani, Schnee, alikuwa amehamishia ofisi yake tangu vita vianze. Chukua kalamu ufuate barabara ya kutoka Dakawa hadi Kilosa: mstari unapita nyuma ya choo changu.

Yaani vita vile vilinifuata nyumbani bila kuitwa, vikapita uani kwangu, na mimi nimelipa nauli, nimepoteza moka ya jirani, nimesafiri siku nzima kuvifuata Tanga vilikokaa siku nne tu.

Na havikupita kwa miguu yake. Huku kwetu hakukuwa na reli ya kutoka Handeni, ndorobo aliua farasi na ng'ombe, kwa hiyo mzigo ulibebwa na kichwa cha mtu. Bibi yangu alikuwa akisimulia habari za mjomba wake aliyetoka kuchota maji akakutana na watu wa jeshi njiani. Ndoo ikarudi, mjomba hakurudi. Nyumbani walisema tu "alikwenda Kariakoo", na mimi mtoto nilidhani alikwenda sokoni Dar es Salaam, nikawa nasubiri alete pipi. Kariakoo ni hao wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, na soko lile limechukua jina la kambi yao. Waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa karibu laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Katika picha za vita vile, popote utakapoziona, mzungu mwenye masharubu ameandikwa jina, cheo na mji aliozaliwa. Mwenye sanduku kichwani ameandikwa "mpagazi".

Askari wa Kijerumani walau walikumbukwa, ingawa kwa kuchelewa. Lettow-Vorbeck alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, siku hizi Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alipofariki mwaka 1964, bunge la Ujerumani Magharibi liliamua askari wake wa Afrika waliobaki hai walipwe malimbikizo yao. Inasimuliwa kwamba walipojitokeza, wazee wengi hawakuwa na cheti, mmoja ana kipande cha sare, mwingine hana hata hicho. Mlipaji akampa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna aliyekosea.

Nimekwenda kudai mafao yangu na vyeti vyote, nakala zimegongwa muhuri, picha za paspoti sita, barua ya mwajiri wa kwanza ambaye ni marehemu. Nikaambiwa jalada halionekani, nirudi wiki ijayo. Nilirudi wiki kumi na moja. Laiti mmoja wao angenipa kipande cha chaki.

Niliingia Ngamiani saa nane na robo. Kulia moka, kushoto ndala ya bluu ya mguu wa kulia, suruali ina tope hadi gotini, mkono mmoja unanuka yai. Ukumbi uliokuwa na watu watatu jana ulikuwa na watu 23. Nyuki niliowakosa Ras Kazone niliwakuta pale: mashangazi wa Korogwe, mabinamu wa Pangani, na bibi mmoja wa Muheza, mdogo kama kunguru, aliyekaa katikati na tambuu shavuni. Walikuwa wanazungumza wote kwa pamoja. Nilipotokea mlangoni walinyamaza kwa pamoja.

Bibi akanitazama miguuni kwa muda mrefu. "Huyu ndiye mshenga?"

Shemeji hakunijua.

Yaliyofuata sitayaeleza yote, nina wajukuu. Tulikuja na hesabu ya mahari. Kumbe kabla ya mahari kuna kifungua mlango, na mlango ulikuwa wazi tangu jana. Kuna kilemba cha baba. Kuna mkaja wa mama. Kuna ubeleko, na bibi akafafanua kuwa mtoto huyu alibebwa na watu wengi, hivyo ubeleko ni wa watu wengi. Kila shemeji akikohoa, shangazi mmoja anainuka kutoka pembe asiyoitazamia. Alijaribu kupunguza laki moja, akaongezewa laki moja na nusu kwa kosa la kupunguza. Mjomba wa njia ya mkato alitoka nje kupokea simu ambayo hatukuisikia ikiita, tukaja kumkuta ndani ya Kosta amejifunika. Saa kumi na moja shemeji alitazama saa, akatamka maneno ambayo Aitken naye lazima aliyatamka kwa lugha yake: "Basi, kama mlivyosema."

Tuliondoka jioni hiyohiyo. Tulivyoviacha Tanga ni hivi: magunia mawili ya mchele, chupa mbili za chai, mwavuli wa dada, koti la shemeji, mkeka mmoja wa kwetu mzuri, na ndoo ya nyanya ambayo bibi alisema ni ile chenji. Na moka ya jirani, namba 42, iko chini ya mikoko ya Ras Kazone pamoja na vyote alivyosahau Mwingereza.

Mahari tumekubaliana milioni mbili na nusu, nusu imeshalipwa. Harusi ni Desemba. Kamati inakaa kila Jumapili saa kumi jioni hapa stendi ya Dumila, nyuma ya banda la nyanya. Kadi ya singo elfu thelathini, dabo elfu hamsini, daftari ninalo mimi. Anayekwenda Tanga kabla ya hapo tafadhali apite kwangu kwanza, nitamchorea ramani kiatu kilipo. Jirani ameanza kuulizia.